Mteremko Kwanza: Kuchagua na Kuandaa Pikapu ya Mizigo katika Uwanda wa Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, liko kwenye mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, liko chini zaidi kidogo, kwenye mita 770 hivi. Kwa sababu hiyo, mzigo wowote unaosafirishwa kati ya uwanda wa Ufipa na mojawapo ya maziwa hayo hupanda au hushuka takribani kilomita nzima ya kimo, na sehemu kubwa ya kimo hicho haikutawanyika sawasawa njiani bali imerundikana kwenye kingo za Bonde la Ufa, ambako barabara hujikunja kandokando ya mlima. Mpunga wa Bonde la Ziwa Rukwa hupandishwa kwa njia ya Muze. Dagaa na migebuka hupandishwa kutoka Kasanga, Kipili na Kirando. Na magari yanayorudi huteremsha saruji, mbolea, mabati, soda na dizeli kwenda vijiji vya mwambaoni na vya bondeni. Mahindi, maharage, ulezi na alizeti za uwandani zina njia nyepesi zaidi, kwa kuwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ilijengwa kwa lami kwa fedha za mkataba ambao Tanzania ilitiliana saini na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani mwaka 2008.

Mnunuzi wa pikapu ya mizigo huuliza kwanza nguvu ya injini, kisha ulaji wake wa mafuta, kisha bei ya vipuri, na mara nyingi maswali hayo matatu humtosha. Katika Ufipa hayatoshi, kwa kuwa gari lenye injini dhaifu hupanda mlima polepole na hasara yake ni muda tu, lakini gari lisiloweza kujizuia likiwa na mzigo kwenye mteremko wa Muze halimpi mwenyewe nafasi ya kufanya hesabu upya. Hoja ya sura hii ni kwamba pikapu ya kazi ya Ufipa ichaguliwe, ipakiwe na ifungwe vifaa vyake kwa kuutazama mteremko kwanza, na mambo mengine yote, pamoja na ukubwa wa injini wenyewe, yafuate baada ya hapo.

Uzito unaosomwa na uzito unaobebwa

Kila gari hutoka kiwandani likiwa na kibati, aghalabu kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, kinachoonyesha vikomo vya uzito wake. Uzito mtupu ni uzito wa gari lenyewe likiwa tayari kwa safari bila watu wala mzigo; uzito wa juu unaoruhusiwa ni jumla ambayo gari, watu, mafuta, vifaa na mzigo havipaswi kuizidi; na tofauti kati ya viwango hivyo viwili ndiyo uwezo halisi wa kubeba. Kipo pia kikomo cha kila ekseli, ambacho husahaulika kuliko vyote, ingawa gari linaweza kuwa ndani ya kikomo cha jumla huku ekseli yake ya nyuma ikiwa imekwisha kuelemewa.

Ichukuliwe kwa mfano pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 2,100 na kikomo cha kilo 3,300, viwango vinavyokaribiana na vya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79 yenye kebini moja. Tofauti ni kilo 1,200, na mwenye gari huitangaza kuwa ni uwezo wa magunia kumi na mawili. Dereva, utingo na abiria mmoja huondoa kilo 210. Bampa la chuma la mbele, vyuma vya kuzungushia bodi, tairi la pili la akiba na sanduku la zana huondoa kilo 130 nyingine. Kwa hiyo kinachobaki ni kilo 860, ambazo ni magunia manane na nusu ya kilo 100. Hesabu hiyo inasimama iwapo gunia ni la kilo 100 kweli. Gunia la mahindi la debe sita hukaribia kiwango hicho, lakini gunia la lumbesa, ambalo limeshonewa kilemba juu ili lipokee debe moja au mawili zaidi, linaweza kufika kilo 120 au 130, na Wakala wa Vipimo unapolipiga marufuku unamlinda mkulima dhidi ya kupunjwa na, bila kukusudia, unamlinda pia mwenye pikapu dhidi ya kuvunjikiwa. Dereva anayehesabu magunia badala ya kilo atapakia lumbesa nane akiamini kwamba amebeba kilo 800, kumbe amebeba karibu tani moja au zaidi.

Kupima kwa macho hudanganya kwa namna nyingine pia. Dagaa wakavu hujaza bodi hadi juu ya kebini kabla ya kufikia nusu ya uwezo wa gari, ilhali mchanga wenye unyevu, ambao mita yake moja ya ujazo huwa na zaidi ya tani moja na nusu, huonekana kidogo tu sakafuni mwa bodi wakati kikomo kimekwisha kuvukwa. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja kamili bila kuhesabu tangi lenyewe, tena ni tani inayotembea, kwa sababu maji yasiyojaza tangi hukimbilia mbele gari linapofunga breki na kukimbilia nje linapokata kona. Ng'ombe nao ni mzigo wa aina hiyo hiyo, ila wenye miguu.

Kuhusu sheria, inatosha kukumbuka namba moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, huyahusu magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500, hivyo pikapu ya kawaida iliyopakiwa kwa mujibu wa kibati chake hupita bila kuhusika na mizani, kama ile ya Mpemba karibu na Tunduma, na pikapu iliyovuka namba hiyo kwa kurundikiwa mzigo huwa imeingia yenyewe katika kundi la malori.

Injini na hewa nyembamba

Kwenye mwinuko wa Sumbawanga mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganishwa na wa Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo, yaani isiyo na feni ya kusukumia hewa ndani ya silinda kwa nguvu ya moshi unaotoka, hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota ilianza kuitumia mwaka 1990 na ambayo imeyaendesha magari mengi ya mashirika, halmashauri na hospitali kote Afrika Mashariki, hutoa kilowati 96 hivi katika vipimo vya kiwandani; Sumbawanga hubakiwa na takribani 80. Pampu yake ikiwa imerekebishwa kwa ajili ya ukanda wa pwani, humimina dizeli kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza, na moshi mweusi unaoonekana nyuma ya gari linalopandisha kutoka bondeni ni mafuta yaliyolipiwa yakatupwa. Fundi wa pampu anaweza kupunguza kipimo hicho, na mwenye gari linaloishi uwandani mwaka mzima angefanya vyema kumtaka afanye hivyo.

Injini yenye turbo haiathiriki kiasi hicho, kwa kuwa turbo hufidia wembamba wa hewa hadi kufikia kikomo chake. Toyota yenyewe ilipoitoa upya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 2023 kwa masoko ya Japani na Australia, iliiwekea injini ya turbo ya lita 2.8 yenye kilowati 150, na pikapu nyepesi za leo, kama vile Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max, aghalabu hutegemea turbo. Katika kupanda mlima, basi, injini hizi ndogo za kisasa huishinda 1HZ waziwazi, na muuzaji anayesema hivyo hasemi uongo.

Lakini zipo sababu mbili za kutoharakisha uamuzi. Ya kwanza ni mafuta. Injini za kisasa hunyunyizia dizeli kwa mgandamizo unaozidi mara 1,500 ule wa hewa ya kawaida kupitia matundu membamba mno, na matone machache ya maji au vumbi laini kutoka kwenye dumu huharibu nozeli ambazo bei yake humfanya mwenye gari ajute. Pampu ya kizamani ya 1HZ huvumilia uchafu huo zaidi, ingawa nayo hailindwi na bahati. Mwenye gari la kisasa anayenunua dizeli ya madumu katika vijiji vya bondeni hana budi kufunga chujio la ziada lenye kikombe cha kutenganisha maji, na kukimwaga mara kwa mara. Sababu ya pili ni mteremko, nayo inahitaji kuelezwa kwa urefu.

Kushuka

Pikapu ya tani 3.3 inaposhuka mita 1,000 hubeba nishati ya karibu megajuli 32 ambayo lazima ipotelee mahali fulani. Kiasi hicho kinakaribia joto linalopatikana kwa kuunguza lita moja ya dizeli, au joto linalotosha kuchemsha madebe matano ya maji baridi, na kama dereva anaushusha mlima wote kwa breki za mguu peke yake, joto hilo lote, isipokuwa sehemu ndogo inayochukuliwa na upepo na msuguano wa tairi, huingia kwenye diski na ngoma za breki ambazo kwa pamoja zina uzito wa makumi machache tu ya kilo. Matokeo yake ni ya aina mbili. Kwanza, vitambaa vya breki vikipata joto kupita kiasi hupoteza msuguano, hivyo dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi na kupata kidogo zaidi. Pili, mafuta ya breki huchemka ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubonyea ilhali kimiminika hakibonyei, pedali huzama hadi sakafuni bila gari kushikwa.

Jambo hili la pili hutegemea umri wa mafuta kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakiisha kulewa maji kikomo chake kinaweza kuwa nyuzi 140 tu, na yale ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kuliko ya tairi moja, na hata hivyo ni kazi ambayo gereji nyingi hazifanyi mpaka mwenye gari aiombe, kwa sababu mafuta yaliyochoka hayaonyeshi dalili yoyote kwenye barabara tambarare ya kwenda Laela.

Njia ya kuyaepuka yote mawili ni kuiachia injini sehemu kubwa ya kazi, yaani kushuka kwa gia ndogo ili magurudumu yaizungushe injini na injini ikatae. Kanuni ya madereva wa malori kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia inafaa kwa pikapu pia, mradi gia ichaguliwe kabla ya kuanza kuteremka, kwa maana gari lililokwisha kushika kasi halikubali gia ndogo kwa urahisi. Breki ya mguu hapo hubaki kwa ajili ya kupunguza kasi kwa vipindi: kukanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha kuachia kabisa ili diski zipoe, badala ya kuegemeza mguu kidogokidogo kutoka juu mpaka chini.

Hapa ndipo ukubwa wa injini unaporudi kwa sura nyingine. Injini ya dizeli haina kizuizi cha hewa kama ile ya petroli, kwa hiyo uwezo wake wa kulizuia gari hutokana zaidi na msuguano wa ndani na kazi ya kupitisha hewa katika silinda, na injini yenye ujazo mkubwa huwa na vyote viwili kwa wingi zaidi. Lita 4.2 za 1HZ zinazoonekana mzigo wakati wa kupanda huwa msaada wakati wa kushuka, ilhali injini ya lita 2.4 iliyopanda mlima kwa wepesi kwa msaada wa turbo huliachia gari likimbie zaidi, kwa kuwa turbo haina inachosukuma mguu wa dereva unapoondoka kwenye pedali ya mafuta. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba injini ndogo haifai. Inamaanisha kwamba dereva wake ashuke kwa gia ya chini zaidi, na kwamba kikomo cha mzigo kwake ni amri na si ushauri. Malori madogo kama Mitsubishi Canter yalilitatua suala hili zamani kwa breki ya ekzosti, kifuniko kinachoziba njia ya moshi ili injini ipumue kwa shida, na kifaa hicho kingefaa kuliko taa nyingi zinazofungwa juu ya kebini za pikapu.

Kwenye sehemu za changarawe na kona kali, gia nzito ya magurudumu manne ina faida mbili kwa pamoja: huongeza nguvu ya injini ya kuzuia na huigawanya kwa matairi yote, ili yale ya nyuma yasiburuzwe peke yake na kulikosesha gari mwelekeo. Isitumike kwenye lami kavu, kwa sababu magari ya aina ya Land Cruiser 79 hayana difu ya katikati, na ekseli mbili zilizofungwa pamoja zikikata kona bila kuteleza hukamiana mpaka kitu kimoja kipasuke.

Springi, na valvu isiyojulikana

Desturi ya kwanza ya mwenye pikapu ya mizigo ni kuipeleka kwa fundi aongeze springi, yaani aongeze vyuma bapa katika fungu la springi za nyuma ili gari lisikae chini linapopakiwa. Kazi yenyewe si mbaya, ila haiongezi uwezo wa gari kama inavyodhaniwa, kwa kuwa chesisi, ekseli, beringi, tairi na breki hubaki zile zile, na gari lililosimama wima chini ya tani mbili limefichwa tu dalili ya kuelemewa.

Ipo athari nyingine ambayo mafundi wachache huitaja. Pikapu nyingi, hasa za miaka ya nyuma, zina valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma na kuunganishwa nayo kwa fimbo nyembamba ya chuma. Gari likipakiwa, bodi hushuka, fimbo husukumwa, na valvu huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma, ambako uzito umeongezeka. Springi zikiongezwa, bodi haishuki. Valvu hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu zao wakati ule ule zinapohitajika, na kazi yote huangukia breki za mbele, ambazo ndizo zinazochemka kwanza mlimani. Dawa yake ni kuirekebisha fimbo hiyo baada ya kuongeza springi, kazi isiyochukua hata saa moja, lakini asiyejua kwamba ipo hawezi kuidai. Mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kuinama nyuma ya tairi na kuiangalia, kwa maana si ajabu kukuta fimbo imekatika, imefungwa kwa waya, au haipo kabisa.

Mahali mzigo unapokaa pana uzito sawa na wingi wake. Land Cruiser 79 ina mita 3.18 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kilo 300 zikiwekwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haiongezewi kilo 300 bali karibu 394, kwa sababu kilo 94 huondolewa kwenye magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Pikapu ya kebini mbili ina udhaifu wa kimaumbile katika jambo hili, kwani kebini imeisukuma bodi nyuma na kuifupisha, hivyo sehemu kubwa ya mzigo hukaa juu ya ekseli au nyuma yake, na chesisi nyingi zilizopinda zimepinda hapo hapo kati ya kebini na bodi. Kwa kazi ya mizigo kebini moja ni bora bila mjadala, na mwenye kutaka kubeba familia na magunia kwa gari moja anataka vitu viwili vinavyogombana.

Tofauti ya mwisho kati ya pikapu nzito na nyepesi imefichika ndani ya ekseli. Katika Land Cruiser za mizigo, uzito wa gari hubebwa na ganda la ekseli kupitia beringi mbili za habu, na hafushafti hufanya kazi moja tu ya kuzungusha gurudumu. Katika Hilux na wenzake, hafushafti huzungusha na kubeba pia, kiasi kwamba ikikatika gurudumu linaweza kutoka nayo. Kwa mzigo wa kilo 600 kwenye lami tofauti hiyo haina maana, lakini kwa kilo 1,000 kila wiki kwenye barabara ya Ntendo hadi Muze ina maana kubwa.

Tela

Kuvuta tela kwa pikapu si jambo la kila siku Rukwa, ambako tela hujulikana zaidi nyuma ya trekta, ila mashine za kupukuchua mahindi zenye magurudumu, jenereta, matangi ya maji na boti zinazopelekwa ziwani huvutwa kwa pikapu mara kwa mara, na mara nyingi bila maandalizi. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake, na cha kilo 3,000 hadi 3,500 kwa lenye breki. Land Cruiser 79 inayouzwa Australia, kwa mfano, huruhusiwa kilo 3,500. Pengo hilo kubwa kati ya namba hizo mbili linatosha kuonyesha kwamba injini siyo inayoweka kikomo. Upo pia uzito wa pamoja, yaani jumla isiyopaswa kuzidiwa na gari na tela vikiwa na mizigo yao, na aghalabu gari lililojaza bodi yake halibakiwi na haki ya kuvuta tela lililojaa.

Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela inapaswa kuegemea kwenye kiungio. Ikipungua, kwa mfano mashine nzito ikikaa nyuma ya ekseli ya tela, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kasi inapoongezeka, na yumba hilo huanzia mteremkoni, ambako tela hulisukuma gari badala ya kuvutwa. Dereva anayeongeza mafuta au kukata usukani kwa hofu hulizidisha, na anayeachia mafuta taratibu hulituliza. Ikizidi, uzito huo wa kiungio huinua magurudumu ya mbele kwa hesabu ile ile ya kilo 94.

Tela dogo lenye breki kwa kawaida hutumia breki ya msukumo, ambayo hufanya kazi tela linapolisukuma gari linalopunguza mwendo. Ni kifaa kizuri mjini, lakini kwenye mteremko mrefu tela husukuma muda wote, hivyo breki zake hukaa zimeshika kutoka juu hadi chini, na kituo cha kuzipoza katikati ya mlima si uvivu. Minyororo miwili ya usalama iliyopishanishwa chini ya kiungio, taa za nyuma zinazofanya kazi na namba ya usajili ya tela lenyewe ni mambo yasiyohitaji maelezo. Kinachohitaji kukemewa ni kuteremsha gari bovu kwa kamba: kamba huvuta tu na haiwezi kuzuia, na gari lililozimika limepoteza msaada wa breki pamoja na wa usukani, kwa hiyo lishushwe kwa bomba la chuma gumu au libaki lilipo mpaka lipatikane lori la kulibeba.

Tairi, tope na vifaa

Ubavuni mwa kila tairi kuna namba ya uwezo wake, na wauzaji wachache huisoma. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Tairi za gari dogo zenye namba za chini ya 100 huonekana zikiwa zimefungwa kwenye pikapu kwa sababu tu zinaingia kwenye ringi. Tairi nyembamba ya 7.50R16 yenye mpira wa ndani, ingawa imepitwa na wakati mijini, bado inafaa Rukwa, kwa kuwa huchimba tope hadi kufikia ardhi ngumu, na fundi wa kijijini anaweza kuiziba kwa zana za mkono. Tahadhari ni kwamba ringi zake zenye pete zijazwe upepo zikiwa zimefungwa mnyororo, maana pete ikifyatuka huua.

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kuanzia Januari udongo mweusi wa bondeni hugeuka gundi. Kufuli ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja, husaidia hapo kuliko nguvu yoyote ya injini. Jeki ndefu, sepetu, mbao mbili nene na kamba imara hufuata. Winchi ni nzuri kwa anayeimudu, na mkonga wa kuvutia hewa juu ya kebini hufaa zaidi kwa vumbi la Agosti kuliko kwa mito. Rejeta isafishwe na kifuniko chake kibadilishwe kikilegea, kwa sababu kwenye mwinuko wa Sumbawanga maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-250 na Ram 2500, ambazo huko huvuta tela za tani tano na zaidi, hazistahili kumshughulisha mnunuzi wa Rukwa: usukani wake uko kushoto, vipuri vyake viko mbali, upana wake hauendani na kona za mlimani, na kikomo chake cha uzito kinazidi kilo 3,500, kwa hiyo mwenye kuinunua amenunua lori bila kupata bodi ya lori. Anayebeba chini ya kilo 700, na kwenye lami zaidi, atosheke na Hilux au D-Max ya kebini moja. Anayebeba kilo 800 hadi 1,000 kwenda na kurudi bondeni au mwambaoni anunue Land Cruiser 79, hata iliyotumika, baada ya fundi kukagua chesisi, habu na ile fimbo ya valvu. Mwenye tani mbili za kila safari anunue Canter, kwa maana hakuna springi inayoweza kuigeuza pikapu kuwa Canter. Na vyovyote itakavyokuwa, fedha za kwanza baada ya ununuzi ziende kwenye mafuta ya breki, vitambaa vya breki na tairi tano zenye namba sahihi; bampa na taa za juu zingoje mavuno yajayo.